Mstari Mnene wa Kasumbalesa

Mwanangu, hadi leo nikisikia breki za lori zikilia, moyo wangu hurudi kwenye asubuhi moja ya ujana wangu.

Kazi yangu ilikuwa kama hii yako mpya, ila sisi hatukuwa na kamera. Tulikaa kando ya barabara kuu za mkoa tukihesabu magari, kisha tukachora ramani: barabara yenye magari mengi, mstari mnene, yenye machache, mwembamba. Mstari wa barabara ya Kasumbalesa, iendayo mpakani, ulikuwa mnene kuliko yote. Niliipeleka ramani nyumbani, nikajigamba.

Mama, aliyekuwa akiuza karanga na viazi vitamu katika mtaa wa Kasungami, akaweka kidole kwenye mstari ule.

"Kumbe bantu iko bengi hapa! Kesho nitapeleka meza yangu kule."

Baba, fundi wa zamani wa reli, hakucheka. "Kwenye malori ya asidi ya migodi inapita? Hapana, mama. Utakaa nyuma ya kile kichuguu kikubwa kama nyumba."

"Na nani ataniona kule?"

Basi kila asubuhi mama aliweka meza ukingoni mwa lami, na kila asubuhi baba aliibeba akairudisha nyuma ya kichuguu. Majirani walicheka. Nami niliona haya kuwa na baba mwoga.

Asubuhi ile nilikuwa nikihesabu magari hatua chache kutoka kwao. Lori likanipita mbio, breki zikilia bure, honi haikomi. Kisha kishindo, na harufu ya asidi ikanikaba koo. Nilikimbia, mwanangu, huku nikiogopa kufika. Pale mama alipopenda kuweka meza, lori lilikuwa limelala ubavu na lami inatoa moshi. Nikaita. Nikazunguka kichuguu.

Walikuwa wameketi chini, wamejifunika pua kwa kitenge cha mama. Baba alikuwa bado ameshika mguu wa meza.

"Ile ramani yako," akasema, "chora tena. Utuweke na siye."

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujachora mstari mnene, nenda ukasimame pale mpaka uogope. Uliza nani anauza pale, nani anavuka na ndoo, watoto wanapita wapi kwenda shule, na hao nao uwachore. Hofu ikikushika, usiione aibu. Baba yangu aliogopa, ndiyo maana nilimzika mama akiwa bibi kizee.

Mungu akutangulie barabarani, na jioni akurudishe kwetu Bel-Air ukiwa mzima.