Mistari Miwili ya Adong

Nakumbuka ilikuwa saa moja na dakika kumi asubuhi mke wangu aliponiletea kipimo cha mimba chenye mistari miwili. Mkojo ulikuwa wa binti yetu Adong. Alikuwa na miaka tisa.

Mwanangu, nakusimulia haya kwa kuwa nawe sasa ni mzazi. Wakati huo nilikuwa askari kijana, tukiishi katika nyumba za polisi Nsambya. Tumbo la Adong lilikuwa limeanza kujaa. Tulimpa dawa za minyoo, halikupungua. Majirani walitania: "Afande, huyu unamlisha matooke ya kambi nzima?" Baadaye utani ukageuka minong'ono, ndipo nikamtuma mama yake duka la dawa.

Nikafanya kazi niliyoijua. Nilimkalisha mtoto mezani, nikafungua daftari, nikamhoji kama mshukiwa, nikitaka jina la aliyemgusa. Kila jioni, siku kumi na moja. Nilibadilisha mpangilio wa maswali, kama tulivyofundishwa. Jibu halikubadilika: "Baba, mimi sijui. Tumbo linauma tu." Niliandika kwamba anakwepa swali.

Siku ya kumi na mbili alianguka akitapika. Hospitalini wakampiga picha ya ultrasaundi, wakampima damu. Daktari, mama mtu mzima, aliniita pembeni.

"Afande, hakuna mimba. Ni uvimbe kwenye ovari, kifuko cha mayai. Uvimbe wa aina hii unaweza kutoa homoni ileile inayotafutwa na kipimo chako."

Nilisema sikujua.

"Kutojua si kosa. Mtoto alikwambia anaumwa. Ulifanya nini?"

Walimpasua siku hiyohiyo. Ovari ilikuwa imejisokota na uvimbe umepasuka ndani, wakaitoa. Ungewahiwa kabla ya kupasuka, pengine upasuaji peke yake ungetosha. Uvimbe ulikuwa wa saratani, kwa hiyo zikafuata dawa kali, miezi minne, nywele zote zikaisha. Nilisoma kila nilichopata kuhusu ugonjwa ule, usomaji wa mtu aliyechelewa.

Adong alipona. Ila mpaka leo akiumwa humwambia mama yake, nami hupata habari wakiwa wamesharudi kutoka kwa daktari.

Kwa hiyo, mwanangu, tumbo la mtoto likivimba au likiuma siku nyingi, mpeleke hospitali, omba picha. Na hata kama nililolidhani lingekuwa kweli, bado angehitaji daktari na ulinzi, si daftari langu. Mungu awape watoto wako afya, nawe akujalie kuwasikia kabla hawajaacha kukuambia.