Nilimbana pua mdogo wangu anywe uji

Leo daktari hapa Kasulu alikuwa anaeleza ugonjwa wa mjukuu wangu, lakini aliyeangua kilio ni mimi bibi yake.

Mtoto ana ugonjwa wa tezi ya shingo. Tena ngano inamuumiza utumbo, na karanga na mayai mwili wake unavikataa.

"Kwa hiyo bibi, akikataa chakula msimlazimishe."

Jamani.

Miaka ya sabini, kijijini kwetu Kumsenga, nilikuwa na mdogo wangu, Ester. Shingo ilimvimba, tumbo likamjaa, miguu ikabaki mifupa. Shuleni tulipewa uji wa ngano ya msaada. Wenzake waliugombania, yeye akiukimbia.

"Dada, huu uji unaniumiza tumbo."

Mama alisema anadeka. Akanipa mimi kazi ya kuhakikisha anamaliza kikombe.

Nilimbana pua, nikammiminia mdomoni. Nyumbani tulimpa na karanga apate nguvu. Midomo ikavimba, tukasema labda ameumwa na mdudu. (Msinihukumu. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na nilimpenda.)

Asubuhi moja alikunywa kikombe chote mwenyewe, bila kushikwa. Akanitazama.

"Sasa hutanikasirikia?"

Nikamwambia, "Sasa wewe ni mtoto mzuri."

Wiki ile ile tulimzika.

Mjukuu wangu amekaa hapa pembeni, ananiuliza nalilia nini. Ninyi mlio na wajukuu, mngemwambia?