Pamba ya Chai Ndani ya Sanduku la Besi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Fundi Mkuu, mjini Kericho, sikupewa bisibisi wala msumeno. Nilipewa gorogoro, lile kopo la kupimia mahindi sokoni, na gunia la mahindi makavu. Nikaambiwa nijaze sanduku tupu la mbao huku nikihesabu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Shule niliiacha darasa la sita, na kufikia siku hiyo nilikuwa nimechuma chai, nimepasua mbao Londiani, nimevunja mawe na kufagia kiwanda cha chai. Hakuna kazi niliyokaa nayo mwaka mzima. Nikishaelewa jinsi kitu kinavyoendeshwa, miguu ilianza kuniwasha.

"Ngapi?" Fundi Mkuu aliuliza bila kugeuka.

"Kumi na saba na nusu."

"Toa nne."

"Nitoe mahindi, Mzee?"

"Toa nafasi. Pigilia ubao huko ndani mpaka libebe kumi na tatu na nusu. Hii spika haipendi nyumba kubwa."

Nyinyi vijana mnaonunua sanduku la besi likiwa tayari dukani, acheni niwaeleze. Spika ina koni, ile karatasi nene ya mbele inayocheza. Koni ikienda mbele, husukuma hewa mbele na kuvuta hewa nyuma. Ukiiacha wazi, hewa hizo mbili hukutana na kumalizana, na besi hupotea. Ndiyo maana spika hufungiwa sandukuni, na ukubwa wa sanduku ndio kila kitu. Dogo sana, besi inabanwa kama mtu aliyevaa kola ya mtoto. Kubwa sana, koni inacheza ovyo na kuungua.

Spika zenye majina makubwa zilikuja na karatasi ya vipimo. Zetu zilikuja na picha ya nyati na neno Buffatone, basi. Hakuna aliyejua zilitengenezwa wapi. Fundi Mkuu alikuwa ametoka milima ya Kisii zamani, akawa anatengeneza redio za wafanyakazi wa mashamba ya chai. Katika miaka hiyo ya tisini, madereva walipoanza kutaka muziki unaotikisa kiti, aliuza ng'ombe wake wawili wa maziwa na kuleta katoni tatu za nyati kutoka kwa mfanyabiashara wa Nakuru. Mkewe alimwambia mbele yangu, "Hao ng'ombe walikuwa wanalia bila betri." Fundi Mkuu aliendelea kukaza skrubu. Alijua kwamba spika hizo zikidharauliwa, hatapata ng'ombe, na hata redio hakuna atakayemletea tena.

Kwa hiyo alizisoma kwa gorogoro. Alijaribu spika moja katika sanduku la ishirini, la kumi na saba, la kumi na tano, akipunguza na kusikiliza, hadi alipofika kumi na tatu na nusu. Hapo besi ilikaza. Alikuwa na njia nyingine za namna hiyo. Alikataa katakata mbao za masanduku ya kusafirishia chai, kwa sababu ni nyembamba na huimba zenyewe. Alitumia chipbodi nene, gundi nyeupe, skrubu za karibu karibu, na silikoni kwenye kila pembe. Kutafuta upande chanya wa spika aligusisha betri ya tochi kwenye nyaya: koni ikiruka nje, umepatia. Kutafuta tundu la hewa alisogeza mshumaa kwenye maungio huku mimi nikisukuma koni kwa vidole. Moto ukiyumba, silikoni iongezwe.

Hatua ya mwisho ilikuwa kujaza pamba. Pamba huipunguzia mwendo hewa ya ndani, na spika hudanganyika kwamba imepewa nyumba kubwa kidogo. Fundi Mkuu alitaka pamba ya godoro kuukuu, ioshwe, ianikwe, kisha ishonewe ndani ya kitambaa kabla ya kuingizwa. Kericho mvua hunyesha karibu kila alasiri. Kuanika pamba ilikuwa kazi ya wiki nzima, na kushona kulinichosha roho.

Nikakumbuka kile kiwanda nilichofagia. Majani ya chai yakishakaushwa na kuchekechwa, hubaki takataka laini ya kahawia, nyuzi nyepesi kama manyoya ya kifaranga. Wafagiaji tuliiita pamba ya chai, na ilitupwa kwa magunia. Nilileta gunia moja. Nilijaza sanduku bila kitambaa, nikafunga, nikaunganisha na amplifaya. Besi ilitoka nene na tulivu kuliko zote zilizotangulia. Nilisimama pale nikitabasamu peke yangu. Sikumwambia Fundi Mkuu. Nilitaka kwanza nione itafika wapi.

"Leo umeshona vizuri," alisema aliposikia.

Nikachukua sanduku lililofuata. Masanduku tisa yalitoka namna hiyo, yakaenda Kaplong, Londiani, Bomet, hadi Fort Ternan kule chini kwenye joto. Kila mteja Fundi Mkuu alimwambia, "Jina la spika hulijui, lakini langu unalijua."

Wa kwanza kurudi alikuwa mwalimu wa Kaplong mwenye gari dogo jeupe. Hakushuka. Alifungua dirisha na kuwasha muziki. Badala ya besi kulikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga.

"Fundi, nyati yako iko na homa," alisema. "Inakohoa mpaka wanafunzi wanacheka."

Wiki hiyo walikuja wengine wawili. Dereva wa pikapu ya viazi kutoka Londiani alisema yake haikohoi tu, inanuka kama birika lililosahauliwa. Fundi Mkuu aliwasikiliza wote akiwa amekunja mikono. Walipoondoka alikaa juu ya katoni ya tatu, ambayo ilikuwa haijafunguliwa.

"Nilinunua takataka," alisema. "Mafundi wa Nakuru walicheka nilipozinunua, nikadhani wananionea wivu. Kesho nitamrudishia aliyeniuzia katoni hii, na wenye magari nitawaambia ukweli kwamba nyati ni bure."

Yeye alipoenda kumweleza mkewe, mimi niliifungua spika ya mwalimu, aliyokuwa ameiacha itazamwe. Nilikata kwa wembe kile kikofia cha katikati ya koni. Chini yake kuna koili, waya mwembamba uliozungushwa kwenye mrija, unaopanda na kushuka katika mwanya wa sumaku usiozidi unene wa kadi. Mwanya ulikuwa umejaa unga wa kahawia.

Nikaelewa yote pale pale. Chai hunywa unyevu wa hewa. Wakati wa mvua iliganda madonge na kuoza. Jua lilipoipata ndani ya gari ilikauka ikawa vumbi, na barabara mbovu zikaitikisa. Spika za nyati zina tundu la kupumulia nyuma ya sumaku, lisilo na wavu. Fundi Mkuu alilijua tundu hilo. Kitambaa kilikuwa cha kuzuia pamba isiingie humo.

Nguo zangu zote ziliingia katika mfuko mmoja, na mfuko ulikuwa nyuma ya mlango. Ndivyo nilivyoishi. Gari la kwenda Nakuru lilikuwa likipiga honi stendi. Nilishika ule mfuko, nikauweka chini, nikaushika tena. Kwa kweli siwezi kusema ni wema ulionizuia. Nadhani nilitaka kujua kama unga ule unaweza kutolewa. Fundi Mkuu aliporudi alinikuta nimeinama, natoa vumbi kwa ukanda wa filamu ya picha niliouzungushia utepe wa gundi.

"Mzee, si spika," nilisema.

"Ni nini?"

"Ni chai."

Alitazama kikombe kilichokuwa mezani. "Ilimwagika?"

"Niliijaza. Masanduku tisa. Pamba ya kiwandani, bila kitambaa."

Alikisogeza kile kikombe pembeni. Kisha akachukua spika, akagusisha betri ya tochi. Koni iliruka safi, bila mkwaruzo. Akagusisha tena, na tena.

"Siku ya kwanza ungeniambia," alisema, "ningecheka. Ningekuonyesha kitambaa ni cha nini, tungekunywa chai yenyewe. Sasa utaenda kwa kila gari. Utafungua, utasafisha, utashona. Na utasema kwa mdomo wako, mimi nikiwa sipo."

"Na nisiporudi?"

"Basi nitajua ni wewe mbovu, si nyati."

Nilizunguka karibu mwezi. Kaplong mwalimu alinifanya nieleze mara mbili, kama somo. Londiani dereva alinibebesha magunia ya viazi kwanza ndipo akanipa ufunguo. Sikuona shida, barabara ilinifaa kuliko karakana. Shida ilikuwa Fort Ternan.

Mwenye gari huko alikuwa mchuuzi wa nguo, mtu wa maneno mengi. Nilimkuta siku ya soko. Spika alikuwa ameshaing'oa, imelala chini ya meza yake kati ya viatu kuukuu.

"Chukua nyati yako," alisema. "Hapa kila mtu anajua fundi wenu ni mwizi. Nimewaambia mwenyewe."

Nilimweleza. Alinisikiliza akikunja suruali.

"Wewe unaniambia mimi peke yangu, kwa sikio," alisema. "Mimi nilisema sokoni. Sasa nikinyamaza, nani atajua? Panda hapa useme."

Akaniondolea nguo mezani. Katika miaka yote ya kuhama sikuwahi kukaa mahali hadi nikajulikana kwa kosa. Kila mara nilikuwa nimekwisha ondoka kabla. Nilipanda. Nikataja jina langu na la baba yangu, nikataja kazi. Nikasema spika ni nzuri, fundi ni mwaminifu, aliyeharibu ni mimi. Watu walikusanyika wakidhani nauza dawa ya minyoo.

Mama mmoja mwenye kikapu cha mboga aliinua mkono. "Kijana, hiyo chai ilikuwa ya kiwanda gani? Tusije tukainunua."

Soko zima lilicheka, na mimi nikacheka. Niliisafisha ile spika palepale juu ya meza, nikiwa nimezungukwa na watu, kisha nikairudisha sandukuni na pamba iliyoshonwa, katika gari lililoegeshwa kando ya meza. Ilipopiga, mchuuzi aliongeza sauti hadi viatu vikaanza kusogea vyenyewe. Wanaume wawili waliuliza karakana iko upande gani wa Kericho.

Katoni ya tatu haikurudi Nakuru. Iliisha, ikafuatwa na nyingine, na mke wa Fundi Mkuu akapata ng'ombe mmoja, mweusi mwenye paji jeupe. Mimi nilikaa mwaka na miezi minne, muda ambao sikuwa nimewahi kuukaa popote. Nilishona mifuko mingi ya pamba. Kisha nikasikia Bomet kuna mtu anayesuka upya mota za mashine za kusaga unga, na miguu ikaanza.

Sasa macho hayaoni tena mwanya wa koili, na nimeacha kazi za mikono. Nimefanya kazi nyingi ambazo sikuwaeleza, na vijana huniuliza ipi ilikuwa bora. Sijui. Mtu wa namna yangu hujua mwanzo wa mambo mengi na mwisho wa machache. Nikiwahesabu mabosi wote, nilioondoka bila kuwaaga ndio wengi, na baadhi yao nadhani walinitafuta.

Fundi Mkuu nilimuaga. Alikuwa ameshika spika, wembe mkononi, hakuinua kichwa.

"Bomet, eh?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ukiharibu kitu cha mtu huko," alisema akikata kikofia taratibu, "mwambie siku hiyo hiyo."