Shali Ambayo Siuzi

Ukiingia dukani kwangu hapa Gatongora utapata kila kitu cha mtoto: nepi, chupa, chandarua, sabuni, hata yale madude ya plastiki ya kutafuna meno yakianza kuota. Shali hutapata. Ukiuliza nitakuambia zimeisha, kwa sababu si kila mteja ana muda wa kusikia ukweli. Wewe umeketi, kwa hivyo sikiliza. Na usiniambie eti nilikuwa nimechoka, eti baba wa mtoto mchanga huona mambo. Kuchoka nakujua. Haya niliyaona nikiwa macho kabisa, nimesimama nyuma ya kaunta yangu, na mke wangu na mama yangu waliyaona pia.

Kwanza ujue ninavyofanya kazi. Mimi siuzi kitu ambacho sijakijaribu nyumbani. Nepi naimwagia maji mpaka ishindwe. Chuchu ya chupa naitafuna mwenyewe. Kuna kigari cha mtoto nilikipakia magunia ya unga nikakisukuma kwenye barabara ya murram ya hapa nyuma, gurudumu likang'oka watu wakiona, wakacheka, nami nikakirudisha kwa aliyeniletea siku hiyo hiyo. Kina mama wa huku wananijua kwa hilo. Wakikitilia shaka kitu wanauliza, "Baba Wambui amekijaribu?" Je, niliringa? Niliringa sana.

Wambui ni binti yetu wa kwanza. Tulimpa jina la mama yangu, ambaye anaishi Thika, kama inavyotakiwa kwetu: msichana wa kwanza ni wa nyanya yake upande wa baba. Na jina hilo si la kuandikwa kwenye kadi ya kliniki tu. Mtoto ndiye yule yule aliyepewa jina lake. Mimi humwita Maitu, yaani mama yangu, na mama akija kututembelea humchukua na kusema, "Nimekuja kujiona." Hilo likumbuke, utalihitaji.

Sasa huyo Maitu alikuwa analia. Si kwa njaa, si kwa nepi. Jua likianza kushuka alianza, na hakunyamaza mpaka sote tumeishiwa nguvu. Nilijaribu kila kitu kilichokuwa dukani. Dawa ya tumbo, kitanda cha kubembea, kidude kinachotoa sauti ya mvua. Hicho cha mvua kilimwamsha hata jirani. Mke wangu Nyokabi, ambaye alikuwa karibu kurudi kufundisha shule moja huko Mugutha, akaniambia kwa sauti ambayo sikuipenda, "Baba Wambui, wewe mtafutie huyu mtoto usingizi ama unitafutie mimi pahali pa kwenda." Niliogopa. Niliona nyumba yangu inavunjika kwa sababu ya usingizi, na mimi ndiye fundi wa mambo ya watoto mtaani.

Ni katikati ya hali hiyo ndipo wanawake walikuja kuona mtoto. Unajua mambo hayo yalivyo. Wanakuja kikundi kizima na thamosi za uji, na njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, na sabuni, na mwenye nyumba huwa anatafuta safari ya ghafla. Mimi nilibaki kwa sababu Nyokabi alikuwa hoi, nikawa wa kupitisha vikombe. Wengine walikuwa wa kanisa lake, wengine wa chama chake cha akiba, wengine majirani wa ploti. Kila aliyempokea mtoto aliuliza lile swali ambalo huulizwa kabla hata mtu hajakaa vizuri: "Anaitwa nani? Ni wa kwa nani?" Wakiambiwa wanacheka wananiangalia. "Haiya! Kumbe tumemkuta mama ya mwenye nyumba!"

Karibu na mlango alikaa mama mmoja wa makamo, sweta ya kahawia, kitambaa kichwani. Hakuwa na lolote la kushtua. Nje mvua ilikuwa inanyesha, viatu vya wageni vimelowa vimerundikana mlangoni, lakini soksi zake zilikuwa kavu na nyeupe. Niliziona. Unajua niliwaza nini? Niliwaza, huyu ni mtu safi, hatanichafulia zulia. Niamini, hilo tu ndilo niliwaza.

Alipopewa mtoto hakuuliza kitu. Alitoa kwenye mfuko wake shali ya kijivu akamfunga. Wambui alikuwa ameanza kilio chake cha jioni, kikakatika katikati, akalala. Nyumba nzima ilishangaa. Yule mama hata hakumwangalia Nyokabi. Aliniangalia mimi.

"Nasikia wewe hujaribu vitu," akasema. "Jaribu hii. Nitakuja uniambie umeonaje."

Nikajua ni fundi wa kufuma anayetafuta soko. Wengi huja hivyo. Ungekuwa wewe ungekataa? Mtoto amelala, mke wangu ameegemeza kichwa kwenye kiti amefunga macho, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Nilimshukuru yule mama karibu nimpigie magoti.

Basi nikaijaribu, maana kazi ni kazi. Niliivuta, haikulegea. Niliifua, maji yakabaki safi kama yalivyotoka kwenye mfereji. Niliianika juani mchana kutwa, ikakauka, lakini ilikuwa baridi mkononi. Halafu nikafanya kile ninachofanyia kila kitu kilichofumwa: nikatafuta mahali uzi ulipoanzia. Lazima kuwe na fundo mahali. Nilipitisha vidole kila upande, nikawasha tochi ya simu, nikaigeuza. Hakukuwa na mwanzo na hakukuwa na mwisho. Nikajiambia, huyu mama ni fundi hodari kweli.

Tulilala. Wacha nikuambie ukweli, tulilala kama watu waliolipwa. Nyokabi akaanza kuimba tena akipika. Ilikuwa furaha tele, na ndani ya furaha hiyo hatukuona mapema kwamba Wambui hakulia hata akiwa na njaa. Alilala macho yakiwa wazi nusu. Nikimwita "Maitu!" hakugeuka. Aliangalia mlango tu. Ukimtoa kwenye shali anakutazama vile mtu anavyomtazama askari wa geti asiyemjua.

Siku moja Nyokabi akamnyanyua akasimama vile vile, hasogei. "Huyu mtoto amekuwa mwepesi."

Nikampeleka dukani tukampima kwenye mizani. Uzito haukuwa umepungua, hata umeongezeka kidogo kama kadi ilivyotaka. Lakini mikononi hakuwa na uzito. Mizani haikuona kitu, mikono yetu ndiyo iliona. Tangu hapo sikutulia. Nilikuwa nafunga mlango narudi kuutikisa, naketi nasimama, mteja akiniongelesha namjibu kitu kingine kabisa.

Nikaanza kumtafuta yule mama nimrudishie shali yake. Nikauliza wa kanisa. "Yule? Si ni wa chama?" Nikauliza wa chama. "Sisi tulidhani ni wa kanisa." Majirani walisema alionekana ni mtu wetu wa Thika. Nyokabi mwenyewe alidhani ni shangazi yangu. Unaona mchezo ulivyochezwa? Mtu aliyekuja kuona mtoto haulizwi yeye ni nani, ni aibu. Anapokewa, anapewa uji, anapewa mtoto.

Nikampigia mama simu. Nilimweleza yote, hata soksi. Akanikatiza kwa swali moja.

"Aliuliza mtoto ni wa kwa nani?"

Nikafikiria. Wote waliuliza. Yeye hakuuliza.

"Ngai, Mungu wangu," mama akasema. "Nakuja. Hiyo kitu usichome, usitupe. Atakuja kuchukua yake. Na mtoto usimpatie mtu yeyote, unasikia? Yeyote."

Mama ana shida ya magoti, na kutoka Thika kuja huku si mbali, lakini siku hiyo niliona kama anatoka ng'ambo. Nyokabi akaenda steji ya matatu kumpokea na mwavuli, maana mvua ilikuwa imerudi. Mimi nikabaki dukani na mtoto, nimemlaza kwenye kigodoro nyuma ya kaunta, shali nimeikunja nimeiweka mbali, kwenye rafu ya juu. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Kisha stima ikapotea mtaa mzima.

Niliinama kutafuta mshumaa. Nilipoinuka alikuwa ndani. Si mlangoni, hapana, ndani, upande wangu wa kaunta, na kile kilango kidogo cha kaunta kilikuwa bado kimefungwa. Sweta ile ile ya kahawia. Soksi zile zile nyeupe, kavu.

"Umejaribu?" akaniuliza.

Sasa sikia aibu yangu. Mdomo ukajibu wenyewe vile hujibu watu wanaoniletea bidhaa kila siku. "Nimejaribu. Analala vizuri."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Hata mimi nilikuwa najaribu," akasema. "Huyu atanifaa."

Wambui alikuwa tayari mgongoni mwake, amefungwa kwa ile shali. Sikumwona akiichukua kwenye rafu. Sikumwona akiinama. Mtoto wangu alikuwa ameweka shavu kwenye ile sweta, ametulia tuli, na mimi niliyesukuma vigari na kutafuna chuchu za chupa sikuweza kusogeza mguu. Nililia. Sikuona haya, machozi yalikuja tu. Aligeuka kuelekea mlangoni.

Na mlangoni alikuwa mama yangu, amelowa, anahema, Nyokabi amemshika mkono.

Mama hakupiga kelele. Alisema kwa upole ule ule wa wanawake waliokuja kunywa uji. "Huyo umebeba anaitwa nani?"

Yule mama akasimama.

"Hukuuliza, eh? Basi nitakwambia. Anaitwa Wambui. Na Wambui ni mimi. Ni mimi umebeba hapo mgongoni." Akasogea kando, akaacha mlango wazi. "Haya, tembea nikuone."

Akatembea. Hatua ya kwanza magoti yalikunjika. Niliona mgongo wake unainama, unainama zaidi, shali imekazika kifuani kama kamba ya mzigo wa kuni. Unaelewa? Hakuwa amebeba mtoto. Alikuwa amebeba mama yangu mzima na miaka yake yote, na watoto aliozaa, na kahawa aliyochuma, na mume aliyezika. Alishika kaunta yangu, ikalia. Mama alikuwa anamtazama tu.

Yule mgeni alifungua fundo polepole. Akamshusha Wambui kwenye kigodoro kwa uangalifu, siwezi kumsingizia, akakunja shali yake vizuri akaitia mfukoni. Kisha akaniambia mimi, kama mteja anayerudisha kitu:

"Huyu ni mzito. Nitajaribu kwingine."

Akapita katikati ya mama na Nyokabi. Alipofika penye mvua hatukumwona tena. Stima ikarudi, na mtoto akaanza kulia. Mungu wangu, alilia! Nyokabi alimnyakua, tukamkumbatia sote watatu, na mimi ambaye nilikuwa nimetafuta kila dawa ya kile kilio niliomba kisikome.

Wambui yuko sawa. Ni mzito, ni mkali, analia akitaka na anageuka akiitwa. Aliyebadilika ni mama. Tangu siku hiyo hapati joto. Thika na jua lake lote, utamkuta amejifunga blanketi saa sita mchana, na mgongo haukunyooka tena. Anasema anahisi kama bado amefungwa kitu kibichi. Nikianza kusema pole ananikatiza. "Si alikuwa anibebe mimi? Basi alinibeba. Wacha hiyo maneno." Lakini mimi namwona anavyotetemeka akishika kikombe, na inaniuma.

Kwa hivyo ukipata mtoto, na wanawake wakaja na thamosi zao, uliza. Uliza kila mmoja amekuja na nani, hata wakikuona huna adabu. Na yule ambaye hataki kujua mtoto ni wa kwa nani, asimguse.

Mbona nakuambia leo? Kwa sababu wiki hii aliingia hapa mama kijana, mgeni wa huku, anafanya kazi kiwandani, anakaa upande wa Mwiki. Alitaka nepi. Mtoto alikuwa mgongoni, macho nusu wazi, anaangalia mlango wangu. Shali ilikuwa ya kijivu. Niliomba niiguse. Ilikuwa baridi, na nilipapasa pembe zote bila kupata fundo la uzi.

Nilimuuliza, "Mtoto anaitwa nani?"

"Bado hana jina," akacheka. "Atapewa tukienda ocha, nyumbani kwa wazee."

Nilimwambia apige simu kwao leo hii, apewe jina kabla jua halijashuka, jina la mtu aliye hai atakayekubali kusimama mlangoni. Pengine nilimwambia vibaya, pengine nilipiga kelele. Aliogopa. Si shali aliyoiogopa, alikuwa ananiogopa mimi. Aliacha nepi kwenye kaunta akaondoka mbio, na mtoto hakulia.

Sijui jina lake wala mlango wake. Nimezunguka Mwiki jioni zote hizi nikiulizia, watu wananitazama vibaya. Wewe unapita huko. Ukimwona, tafadhali, mwambie apige simu nyumbani.