Abiria wa Nyuma ya Hemedi

Mimi ni Wasike, na kwa miaka kumi na minne teksi yangu ilipanga foleni nyuma ya teksi ya Hemedi pale steji ya posta, Kisumu. Ukimtazama mtu kisogoni miaka yote hiyo, unamjua kuliko mkewe anavyomjua. Kwa hiyo nikisema Hemedi hakuwa mwongo, sitaki ubishi. Alidanganya mara moja tu, kisha ikambidi aurudie uongo huohuo kila mwaka kama mtu anayelipia leseni.

Kutoka mjini hadi uwanja wa ndege tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni barabara kubwa ya Busia: unavuka daraja la mto Kisat, unakwenda mbele, kisha unapinda kushoto kabla ya kufika soko la Otonglo. Ya pili ilikuwa ya vumbi, ikipita chini karibu na ziwa, nyuma ya nyumba za Bandani, na kuuvuka mto huohuo kwa daraja la mbao. Hii ya pili ilikuokolea dakika saba nzima. Hemedi aliipenda kuliko sisi sote, kwa sababu alizaliwa Kaloleni na utoto wake aliumalizia kule chini akivua kwa ndoano.

Halafu, mwaka wa 1988, akaiacha. Hatukumwona akiikanyaga tena hata siku moja. Nilimcheka sana, nikamwambia kwamba mtu mzima anaogopa viboko. Mwaka wa 1991 lori lilianguka barabarani likafunga njia kubwa, na Hemedi alikuwa na abiria wa ndege ya saa nne. Madereva wengine tuligeuza tukapita Bandani. Yeye alizima gari akakaa palepale, huku abiria wake akimtukana, mpaka ndege ikaruka juu ya vichwa vyao. Jioni nilimwambia wazi kwamba anaharibu jina la steji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuswali.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hili sikulicheka. Anayepanga foleni nyuma anaona kupitia kioo cha nyuma cha gari lililo mbele. Nilianza kuona kwamba abiria wa Hemedi wote walijibana upande wa kushoto. Waliingia watatu, wakabanana huko kama magunia ya dagaa wa omena, na nafasi ya nyuma ya dereva ikabaki tupu. Waliingia akina mama wanene, na bado walikubali kukaliana mapajani kuliko kusogea kule. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Ukimuuliza mmoja baada ya kushuka, anakushangaa, anasema walikaa vizuri tu. Siku moja mwalimu Ochieng alishuka peke yake kutoka gari lile, akainama dirishani, na kumuuliza Hemedi kwa adabu yule mwenzake alikuwa anashukia wapi. Hemedi alimjibu kwamba huyo bado. Nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, na ndani ya gari hakukuwa na mtu mwingine.

Na kila mwaka, mvua za Aprili zikianza, alikuja steji mama mmoja kutoka Sondu. Jina lake Selpha, ila sote tulimwita Min Dishon, yaani mama yake Dishon. Hakuwa msafiri wa popote. Alikuja kumuuliza Hemedi swali moja: siku ile alipita njia gani. Hemedi alimjibu, macho yakiwa kwenye viatu vyake, kwamba alipita barabara kubwa. Mama alishukuru, akarudi kwao.

Kisa chenyewe Hemedi alinieleza baadaye, na nitakieleza kama alivyonieleza.

Dishon Amolo alikuwa baharia. Kampuni ya meli ilimtumia tiketi ya ndege mwaka wa 1985, na aliyempeleka uwanjani ni Hemedi, kwa barabara kubwa. Kijana alikaa nyuma ya dereva, akapiga soga njia nzima, akayaaga madaraja na miti kwa majina. Miaka mitatu baadaye ikaja barua kwamba ameanguka baharini na mwili haukupatikana.

Sasa, Wajaluo wana jambo lao kwa aliyepotea bila mwili. Wanachukua tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia mtini kama limefungwa kwa kamba, wanalizika badala yake. Kaka yake, Dalmas, alitumwa Mombasa na tunda lile. Alilichovya katika maji ya bahari, akamwita Dishon kwa jina, akalifunga katika shuka nyeupe, akaanza kumrudisha nyumbani. Na kazi ya anayerudisha ni kusema. Kila mto, kila njia panda, lazima amwambie maiti: tunavuka hapa, tunapinda pale, twende. Asipoambiwa hatajua, na asipojua hafuati. Familia ikaamua zaidi ya hapo: arudi kwa ndege kama alivyoondoka, kwa barabara aliyoondokea, na dereva awe yuleyule. Hemedi angewafikisha mjini, ambako wazee walikuwa wakingoja na gari la kwenda Sondu.

Ndege ilichelewa. Ilipotua jua lilikuwa linaelekea kuzama, na Dalmas hakuwa amelala siku tatu. Alimlaza kaka yake kwenye kiti, nyuma ya dereva, yeye akakaa kushoto. Akamwambia Hemedi, "Bwana, mimi nasikia usingizi mbaya. Tukifika Kisat niamshe, mimi nitamwambia." Hemedi akakubali. Kabla hawajatoka getini Dalmas alikuwa anakoroma.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Siku hiyo Safia, binti yake Hemedi, mwenye miaka saba, alikuwa amefunga kwa mara ya kwanza, na baba mtu alimwahidi kwamba tende ya kwanza ataipokea mkononi mwake. Hemedi alitazama jua, akatazama njia ya Bandani. Dakika saba. Akapinda chini. Kwenye daraja la mbao alitaka kumwamsha Dalmas, akaona huruma, na pia aliona aibu kumwonyesha mahali walipo. Akavuka kimya. Mjini Dalmas alishtuka wazee wakigonga kioo, akabeba lile tunda akatoka mbio, bila kumwambia ndugu yake "tumefika" wala "shuka". Siku ya pili alikuja kumsihi Hemedi asimwambie mtu. Kaka aliyelala na ndugu yake ubavuni atatazama watu kwa macho gani nyumbani? Wakakubaliana kwamba walipita barabara kubwa na kila kitu kilisemwa.

Jumatatu iliyofuata zulia la nyuma ya dereva lilikuwa limelowa maji. Hemedi alilianika. Jumanne lilikuwa limelowa tena, na haikuwa imenyesha. Alijaribu njia ya Bandani mara moja tu, gari likiwa tupu, na alipofika daraja la mbao alisikia mtu nyuma yake akivuta pumzi kama anayetaka kuuliza kitu. Tangu siku hiyo alipindua kioo chake cha ndani kikatazama paa. Miaka yote mimi nilidhani kimevunjika.

Mwaka wa 1994 Min Dishon alikuja na bakora, amekonda, miguu imevimba. Alikaa kwenye benchi letu, na safari hii hakuuliza. Alisema hii ni mara ya mwisho, daktari hakumficha. Alisema bado anamwota mtoto amekaa mahali peusi, amefunga mikono, anangoja. Kaburi liko, tunda limo, lakini mtoto hayupo, na mama anajua mtoto wake akiwepo.

"Sasa nimejua ni mimi," alisema. "Siku ile anaenda, tuligombana. Nilikataa kutoka nje kumwambia kwaheri. Amenikataa. Nyinyi mlifanya kazi yenu mzuri, ni mimi."

Hemedi alifungua mlango. Alitoka garini, akapiga magoti palepale kwenye vumbi la steji mbele ya watu wote, mtu mzima mwenye ndevu, akamwambia yote. Bandani, daraja la mbao, usingizi wa Dalmas, uongo. Nilingoja mama ampige kwa bakora, na kusema kweli ningemshikia Hemedi kofia apigwe vizuri. Nilikuwa na hasira na Hemedi kuliko nilivyowahi kuwa na mtu. Miaka sita mama amedanganywa, sasa anajihukumu bure, na huyu anaegesha gari mbele yangu kila asubuhi na kuuliza bei ya mafuta!

Mama alilitazama gari. Kisha akauliza kama gari ni lilelile. Hemedi akasema ndilo, hakuthubutu kuliuza. Mama akasimama.

Hemedi aliniomba niende nao kwa sababu aliogopa, na mimi nilienda kwa sababu nilikuwa na hasira. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilikaa mbele, Min Dishon akakaa nyuma kushoto. Tulikwenda hadi uwanja wa ndege kwa barabara kubwa, maana safari lazima ianzie ilipoanzia. Hapo Hemedi alishuka, akafungua mlango wa nyuma wa kulia, akasimama kama anavyosimamia abiria, kisha akaufunga taratibu.

"Dishon, ni mimi Hemedi," alisema alipokaa kwenye usukani. "Ile siku nilikupitisha njia hujui, na sikukuambia. Leo tunapita yako."

Alitaja kila kitu. Geti, njia panda, mti, duka. Sikugeuza shingo. Shingo yangu ilikuwa na baridi, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Tulipokanyaga daraja la Kisat injini ikazima. Hemedi akajaribu mara tatu, haikukohoa hata. Malori yalitupigia honi nyuma. Alikuwa ameshasema tunavuka Kisat, akasema tena kwa sauti zaidi, na bado gari lilikaa.

"Mwambie sababu," Min Dishon alisema.

Hemedi alishika usukani kwa mikono miwili. "Nilikuwa nafukuza futari," alisema. "Nilimwahidi mtoto wangu. Niliona wangu anangoja, nikasahau wewe pia ni mtoto wa mtu."

Hapo mama alianza kulia, polepole, bila kelele. Alinyoosha mkono akauweka kwenye ile nafasi tupu pembeni yake.

"Wuoda," alisema, yaani mwanangu, "na mimi nilikuwa na hasira ya bure. Nilisimama nyuma ya mlango nikasikia gari yako ikienda. Kasirika ukitaka, lakini kasirikia nyumbani. Twende dala, twende nyumbani."

Hemedi aligeuza ufunguo, injini ikashika.

Kutoka hapo mama ndiye aliyesema. Mjini, Ahero, daraja la Nyando, Sondu. Alizungumza naye kama anavyozungumza mama na mtoto aliyetoka shule, habari za ng'ombe, nani ameoa, nani amekufa. Tulipoingia bomani, alishuka kwa shida, akazunguka gari akiegemea bakora, akafungua mlango wa kulia.

"Tumefika. Shuka."

Gari liliinuka kidogo upande ule, kama linavyoinuka abiria akishuka. Mimi na Hemedi tulikuwa bado tumekaa mbele, hakuna aliyejitikisa. Min Dishon alifunga mlango, akaenda kuelekea kaburini akitembea pembeni ya njia, amemwachia mtu nafasi.

Dalmas alitoka nyumbani akatukuta. Aliona gari, akaona mama yake anaelekea wapi, akajua. Alikwenda akamfuata.

Tulipoondoka nilikuwa nimechoka kama mtu aliyelima shamba. Nilifungua mlango ulio karibu, nikajitupa ndani, nikanyoosha miguu. Hemedi aliendesha mpaka daraja la Nyando. Pale alifungua mdomo kutangaza daraja, kisha akaufunga, maana hakukuwa na wa kuambiwa. Mkono wake ukapanda kwenye kile kioo cha ndani, akakishusha polepole mpaka tukatazamana.

"Wasike," aliniuliza, "umekaa wapi?"

Nilitazama chini yangu. Kiti chote kilikuwa kimechakaa na kupasuka, isipokuwa kipande nilichokalia, nyuma ya dereva, ambacho kitambaa chake kilikuwa bado kipya, na kikavu.