Itoke Iende Wapi

Mjukuu wangu aliponiambia anaandikia sheli amri, nilijua kapata kazi kituo cha mafuta. Nikawatangazia majirani zangu hapa Dunda. Mwanangu wa Lugoba, mjomba wake, akacheka kwenye simu: "Kama ni sheli, huku barabarani zimejaa. Mlete." Kumbe kazi yenyewe ni ya kompyuta, na kwanza ana wiki ya majaribio. Tukakubaliana, mimi na mwanangu: ikimshinda, Jumamosi anapanda gari kwenda Lugoba kuuza mafuta. Binti mwenyewe alinisikia. Usiku huo hakula.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Wakubwa wake wa Dar walitaka kazi iwafikie kabla ya Alasiri. Watu wamesharudi msikitini, yeye yuko mkekani, kompyuta mapajani, pilau niliyompakulia imepoa. Anaandika, anabonyeza, dirisha jeusi kwenye kioo linatoweka lote. Analifungua tena. Linatoweka. Mimi nasuka ukili wangu wa mkeka, namtazama kwa pembeni.

"We mke mwenzangu, hebu nieleze hiyo sheli yako ni kitu gani, kabla hujanililia hapa."

"Bibi, si sasa."

"Sasa hivi."

Akashusha pumzi. Sheli, akasema, ni hilo dirisha jeusi: unaliandikia amri, linatenda. Amri nyingi zinakaa nje. Kila ukiiita moja, sharti ije ibishe hodi, ifanye kazi, iondoke. Ukiita mara elfu, hodi elfu, ndiyo maana kazi za ofisini kwao zinajikokota. Yeye kapewa amri moja ya nje aiandike upya, ipakiwe ndani ya sheli yenyewe, iwe ya mle mle, isibishe hodi tena.

"Na inafanya kazi?"

"Inafanya, Bibi! Jibu linatoka sawasawa. Halafu sheli nzima inakufa."

"Ikimaliza umeiambia ifanye nini?"

"Itoke. Kama ilivyokuwa zamani."

Nikaweka ukili chini. Nimeishia darasa la tatu, lakini nimekaa na wakwe. "Si umesema sasa ni ya humu ndani? Mtu wa nyumbani akimaliza kuosha vyombo, anafunga nyumba na kutuacha sote nje? Itoke iende wapi?"

Akanikodolea macho.

"Irudi," akasema polepole. "Haitakiwi kutoka. Irudi tu na jibu. Mimi nimeiambia itoke, na ikitoka inatoka na sheli yote."

Akainama. Kipaza sauti cha msikiti kikakwaruza. Muadhini alikuwa anajiandaa. Akafuta neno moja, akaandika jingine, akabonyeza. Jibu likaja, dirisha likabaki. Akarudia. Likabaki. Akatuma, na adhana ikaanza.

Tulipomaliza kuswali ndipo Dar wakajibu: Jumatatu aanze rasmi. Nikampigia mwanangu.

"Usimsubiri. Kaajiriwa sheli."

"Sheli ya wapi, mama?"

"Ya mapajani."

Binti akacheka mpaka akajifuta machozi. Nikamsogezea sahani. Pilau ya baridi, shauri yake.