Shimo la Mama katika Ua wa Mkomani

Harufu ya maganda ya ndimu yaliyochanganyika na majani ya chai ndiyo iliyotawala likizo yetu ya msimu ule wa maembe. Wengine hukumbuka utoto wao kwa harufu ya halua na asumini. Mimi naukumbuka wangu kwa taka, wala sioni haya. Nyumba yetu ya mawe ilikuwa Mkomani, jiko likiwa juu kabisa na ua mdogo ukiwa chini, na kazi yangu, mtoto wa kike wa darasa la tatu, ilikuwa kuteremka ngazi zile kali na mkebe wa samli uliojaa masazo: maganda ya vitunguu na ya mayai, machicha ya nazi iliyokwisha kukamuliwa, na majivu. Mama aliyapokea kwa furaha ya mtu aliyeletewa tunu, akayamwaga katika shimo alilolichimba uani ili yaoze yawe mbolea, na kuyafunika kwa majani makavu.

Mama alikuwa mtu wa kijiji cha Kipungani. Kwao alizoea kusukia mikeka kando ya tuta la mchicha na mrehani, na alipoolewa mjini alikuta ua uliojaa vifusi vya ukuta wa kale, chokaa tupu. Kila alichopanda kilinyauka. Majirani walimtania kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ila huyu amekuja na jembe lake mwenyewe. Alicheka nao. Lakini alasiri moja, nikiwa ngazini na mkebe wangu, nilimsikia akimwambia Baba kwamba mahali pasipoota hata mchicha si pa kuishi mtu, na kwamba mvua za masika zikija pasiote kitu, atarudi kwao. Alisema kwa upole, na upole ule ulinitia hofu kuliko ugomvi wowote. Tangu siku hiyo sikuthubutu kudondosha hata ganda moja njiani.

Kikwazo kilikuwa Bibi, mama yake Baba, mwenye nyumba na mwenye kauli. Kwake yeye, maganda ya maembe, ndizi na tikiti yalikuwa na wenyewe: kila baada ya chakula huwekwa nje ya mlango, punda wapitao wakala, na aliyeweka akapata thawabu. “Ganda ni rizki ya mnyama,” alimwambia Mama. “Ukilifukia, kesho akhera utaulizwa.” Mtu habishani na mavyaa wake, basi wakagawana: vitamu vya punda, na vile ambavyo punda havitaki vya Mama. Tatizo ni kwamba vilivyobaki vilikuwa vikavu na vichachu, na shimo likanuna. Ganda la kitunguu lilichimbuliwa vilevile lilivyoingia. Kila magharibi Bibi alizunguka ua na chetezo cha udi kufukuza harufu, na Mama, ambaye ulimi wake haukukosa mzaha, akasema alhamdulillahi, taka zetu zitachelewa kuoza lakini zitanukia.

Siku zikasonga, na mizaha yake ikapungua. Nilimwona akikunjua mkeka wake wa kwao, akiukagua, akiukunja tena.

Asubuhi moja Bibi hakuwamo ndani. Nilimkuta kichochoroni, na buibui lake la kutokea, yeye ambaye hakuwa na mazoea ya kubeba hata kikapu chake cha sokoni. Ameinama, anazoa samadi ya punda kwa kifuu cha nazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini sikudhani msemo huo ulimhusu Bibi. Watoto walicheka. Mwenye duka la pembeni akatoa kichwa, akauliza kwa adabu, “Bi, umepoteza nini?”

“Sijapoteza kitu,” akajibu bila kuinuka, “na sitaki kupoteza.”

Kumbe naye alikuwa amesikia maneno ya Mama ya kurudi kwao. Akanipa kikapu. “Shika, mwanangu. Punda wamekula vyetu siku zote. Yeo nasi tutwae vyao.” Tulipoimwaga samadi ile shimoni, Mama alikuwa amesimama ngazini. Alilia, na Bibi akajifanya kutafuta kitu katika kikapu kitupu.

Baada ya hapo shimo lilipata joto hata mvuke ukaonekana asubuhi, na masika yalipoingia tulichota udongo mweusi, laini, usio na harufu. Mchicha wa kwanza ulipikwa kwa nazi. Bibi alionja, akasema umepungua chumvi, akaumaliza.

Leo biashara ya mifuko na chupa imeujaza mji taka za kila namna, na punda hula plastiki wakaugua; jambo hili hunikasirisha. Lakini wapo vijana wanaozunguka na ndoo kukusanya maganda, na hata hoteli za Ras Kitau hutenga yao. Binti yangu hutazama kwenye simu jinsi ya kuchanganya kikavu na kibichi, jambo tulilojifunza sisi kwa kukosea msimu mzima. Nina matumaini makubwa na watoto hawa. Bibi alitutoka zamani, na Baba akamfuata. Mama alipomaliza eda, wajomba walikuja kumchukua arudi kwao, maana mjane hukaa na nduguze. Akawashusha uani, akawaonyesha mchicha, mpapai na mrehani uliofika dirishani.

“Nende wapi tena?” akawauliza, akichota udongo kwa kiganja. “Nti hii nimeipika kwa mikono yangu.”

Wajomba wakarudi Kipungani na gunia moja la udongo.